Je, atomu haijaamuliwa, au ni sisi tusiojua?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tano na cha sita. Tulipofika kwenye mada ya unururifu, yaani atomu kumeguka zenyewe na kutoa miale, mwanafunzi mmoja aliniuliza: tukisema hakuna awezaye kujua ni lini atomu fulani itameguka, je, ni sisi tusiojua, au atomu yenyewe bado haijaamuliwa? Nilimjibu kwamba nadharia ya kwanta, ile inayoeleza atomu na chembe ndogo, imekwisha kuthibitisha kuwa dunia yenyewe haijaamuliwa, na kwamba Einstein alibisha akashindwa. Tangu siku hiyo nina mashaka na jibu langu. Je, nilimjibu sawasawa?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, ulichomjibu ndicho tulichofundishwa wengi wetu, na mimi nimekirudia mbele ya wanafunzi kwa miaka kadhaa kabla ya kutambua kwamba nilikuwa nikichanganya mambo. Sehemu ya jibu hilo ni kweli tupu, sehemu nyingine ni dhana yenye heshima zake lakini isiyothibitishwa, na ile kauli kuhusu Einstein ina kasoro kubwa kuliko inavyoonekana.

Nianze na kitu kinachoshikika. Ninapofundisha mada hiyo hutumia kihesabio cha Geiger, chombo kinacholia kila kinaponasa mnururisho, pamoja na kitambaa cha karabai cha zamani, kile chenye umbo la soksi ndogo ambacho hufungwa ndani ya taa na kuchomwa hadi kigeuke jivu jeupe linalong'aa. Vitambaa vya zamani vilitiwa thoriamu ili mwanga uwe mkali. Ukikisogeza kihesabio karibu kinaanza kulia: ta, ta-ta, kimya, ta, kimya kirefu, kisha ta-ta-ta kwa mfululizo, kama mvua inayoanza kudondoka juu ya bati. Mwambie mwanafunzi yeyote atabiri mlio unaofuata, na hataweza, kama wewe na mimi tusivyoweza. Lakini mwambie ahesabu milio ya dakika kumi, apumzike, kisha ahesabu tena dakika kumi, na hesabu zake mbili zitakaribiana sana. Nusu-uhai wa thoriamu, yaani muda wa nusu ya atomu zake kumeguka, ni takribani miaka bilioni 14, ambayo inazidi hata umri wa ulimwengu unaokadiriwa leo, na bado gramu moja yake ina atomu nyingi kiasi kwamba 4,000 hivi humeguka kila sekunde. (Milio mingi unayoisikia hutoka kwa vizazi vya thoriamu, yaani atomu zinazozaliwa inapomeguka, kuliko kwa thoriamu yenyewe, lakini hoja haibadiliki.) Kundi lina sheria thabiti, ilhali atomu moja moja haina ratiba yoyote ambayo nadharia inaitambua. Atomu haichakai wala haizeeki: iliyokaa ardhini miaka bilioni nne ina nafasi ileile ya kumeguka kesho kama iliyozaliwa jana.

Mwanafunzi wako ametenganisha mambo mawili, na ninampongeza, kwa sababu watu wazima wengi hawafiki hapo. Mimi ningetenganisha matatu. La kwanza ni kutojulikana: shilingi iliyofunikwa kwa kikombe imeshalala upande mmoja, ila sisi hatujauona. La pili ni kutobainika: jambo lenyewe halina jibu kwa wakati huo, kama kuuliza fundo liko upande gani wa kamba ilhali kamba haijafungwa. La tatu ni kutoamuliwa: hata ukijua kila kitu kilichopo leo, kila chembe na kila wimbi, bado ujuzi huo hautoshi kuchagua kitakachotokea kesho kati ya mambo mawili. Haya matatu hayaendi pamoja kwa lazima. Hali ya hewa ya wiki tatu zijazo haijulikani, lakini hakuna anayedai kwamba kwa sababu hiyo haijaamuliwa. Na kitu kinaweza kisibainike leo ilhali siku yake ya kubainika, na namna kitakavyobainika, vimekwisha kuamuliwa.

Lugha yetu yenyewe inatuponza kidogo hapa. Ile kanuni ya mwanafizikia Werner Heisenberg ya mwaka 1927 tumezoea kuiita kanuni ya kutokuwa na uhakika, na uhakika ni jambo la moyoni mwa mtu; anayekosa uhakika ni mimi, si elektroni. Heisenberg mwenyewe, katika Kijerumani chake, alitumia zaidi ya neno moja, mengine yakielemea kwenye ujuzi wetu na mengine yakielemea kwenye kitu chenyewe, na mkanganyiko huo umetufuata hadi leo. Hesabu ya kanuni hiyo inasema tu kwamba huwezi kuandaa kundi la elektroni ambazo mahali pake na mwendo wake vyote viwili vimebanwa kupita kiwango fulani. Haisemi kwa nini.

Sasa nadharia yenyewe inasema nini? Mlinganyo ambao mwanafizikia Erwin Schrödinger aliuandika mwaka 1926, unaoieleza hali ya chembe kama wimbi, hauna bahati nasibu hata chembe. Ukiupa wimbi la leo utakupa wimbi la kesho, moja tu, bila kusitasita, kwa ukali uleule wa milinganyo ya Newton. Bahati nasibu inaingia kwa mlango mwingine, pale tunapopima. Wakati huo vitabu vya shule vinatuambia tuuache mlinganyo, tuchukue ukubwa wa wimbi, tuupige kipeo cha pili, na tupate uwezekano wa kila jibu. Kisha wimbi lililokuwa limetanda linanywea ghafla kwenye jibu lililopatikana. Kanuni hiyo ya uwezekano ni ya Max Born, naye aliitoa mwaka huohuo wa 1926 katika makala fupi kuhusu migongano ya chembe. Kile kipeo cha pili, ambacho kazi nzima ya kwanta inakitegemea, kiliingia kama tanbihi iliyoongezwa wakati wa kusahihisha chapa.

Nakitaja kisa cha Born kwa sababu katika makala ileile aliligusa swali la mwanafunzi wako. Alisema kwamba yeye binafsi anaelekea kuachana na wazo la mambo kuamuliwa tangu awali katika dunia ya atomu, lakini kwamba hilo ni suala la kifalsafa ambalo hoja za fizikia peke yake haziwezi kulikata. Aliyeileta bahati nasibu katika fizikia hakudai kwamba ameithibitisha. Madai hayo yalikuja baadaye kidogo.

Yalikuja hasa mwaka 1932, pale John von Neumann alipochapisha kitabu chake cha misingi ya kihisabati ya nadharia ya kwanta, na ndani yake hoja iliyoonekana kuonyesha kwamba haiwezekani kabisa kuwepo taarifa zilizofichika, yaani mambo tusiyoyaona ambayo yangeamua kila jibu mapema. Von Neumann alikuwa miongoni mwa wanahisabati hodari kuliko wote wa karne yake, na jina lake lilitosha kufunga mjadala. Mwaka 1935 Grete Hermann, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Ujerumani, alionyesha tundu katika hoja hiyo: von Neumann alikuwa amedai kwamba wastani wa jumla ya vipimo viwili lazima uwe jumla ya wastani zake, hata pale ambapo vipimo hivyo haviwezi kufanywa pamoja, na sharti hilo hakuna anayelazimika kulikubali kwa taarifa zilizofichika. Karibu hakuna aliyemsikiliza. Ilichukua takribani miaka 30 hadi mwanafizikia John Bell alipoliona tundu hilohilo kwa njia yake mwenyewe.

Na kilichomfungua macho Bell ni kwamba jambo lililosemwa haliwezekani lilikuwa limekwisha kufanyika. Mwaka 1952 David Bohm alichapisha makala mbili akiufufua mtazamo ambao Louis de Broglie aliuwasilisha Brussels mwaka 1927 na kuuacha baada ya kupingwa. Katika mtazamo huo kila elektroni ina mahali pake wakati wote, na wimbi la Schrödinger huiongoza kama mkondo unavyoongoza kijiti. Chembe ikipelekwa kwenye ukuta wenye nyufa mbili hupita kwenye ufa mmoja tu, ila wimbi hupita kwenye zote mbili na kuielekeza mahali pa kuangukia. Hakuna bahati nasibu popote. Ukijua wimbi na ukijua mahali chembe zilipoanzia, yote yaliyobaki yamekwisha kuamuliwa. Hata hivyo huwezi kuvijua vyote viwili: nadharia yenyewe inaonyesha kwamba mtu aliye ndani ya ulimwengu huo hawezi kujua mahali pa kuanzia kwa undani kuliko kanuni ya Born inavyoruhusu. Kwa hiyo utabiri wake ni uleule wa kwanta ya vitabuni, na kihesabio chako kitalia vilevile.

Simwombi mwanafunzi wako aiamini nadharia ya Bohm. Inatosha aelewe kwamba ipo, kwamba kwa elektroni na atomu za maabara haigongani na jaribio lolote, na kwamba ndani yake kila kitu kimeamuliwa. Kuwepo kwake peke yake kunatosha kuonyesha kwamba nadharia ya kwanta, kama hesabu inayolingana na majaribio, haijathibitisha kutoamuliwa.

Hapa ndipo ninaposikia pingamizi kutoka kwa waliosoma habari za Tuzo ya Nobel ya 2022, waliyopewa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger. Je, majaribio yale hayakuzika taarifa zilizofichika? Yalizika kitu, na kitu hicho ni kikubwa, lakini wengi wamekosea kulitambua kaburi. Ili tuelewane naomba uvumilivu kwa mchezo mmoja mdogo, unaobeba hoja ya Bell ambayo majaribio hayo yaliipima.

Wachukue mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa anapelekwa Mwanza, Doto anapelekwa Mtwara, na njia zote za mawasiliano zinakatwa. Kila mmoja anaonyeshwa kadi, nyeupe au nyeusi, iliyochaguliwa kwa kurusha shilingi, na papo hapo lazima ajibu ndiyo au hapana. Wanashinda wakitoa majibu yanayofanana, isipokuwa pale wote wawili wanapoonyeshwa kadi nyeusi. Hapo wanashinda wakitofautiana. Kabla ya kuachana wanaruhusiwa kupanga lolote wanalotaka.

Jaribu kuwapangia. Majibu yao ya kadi nyeupe lazima yafanane. Jibu la Kulwa kwa nyeupe lazima lifanane na la Doto kwa nyeusi. Jibu la Kulwa kwa nyeusi lazima lifanane na la Doto kwa nyeupe. Ukiyatimiza haya matatu utakuta umeshalazimika kuyafanya majibu yao ya kadi nyeusi yafanane pia, ilhali sharti la nne linataka yatofautiane. Basi mpango wowote utaanguka walau katika hali moja kati ya nne, na ushindi wao hauwezi kuvuka 75 katika kila michezo 100. Sasa tazama jambo ambalo waandishi wengi hulipita: waruhusu mapacha wajibu kwa bahati nasibu, kila mmoja akirusha shilingi yake mwenyewe kabla ya kujibu. Haiwasaidii hata kidogo. Kurusha shilingi ni sawa na kuchagua mojawapo ya mipango iliyopo, na hakuna mpango unaovuka 75.

Chembe mbili za kwanta zilizotoka pamoja na kubaki zimefungamana zinaucheza mchezo huu (kadi ni namna tunavyoipima kila chembe, na jibu ni matokeo ya kipimo) na kushinda takribani mara 85 katika 100. Hivyo ndivyo hesabu inavyosema. Mwaka 2015 kundi la Ronald Hanson katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, lilifungamanisha elektroni mbili zilizonaswa ndani ya vipande viwili vya almasi vilivyokuwa umbali wa kilomita 1.3, umbali ambao mwanga wenyewe usingewahi kuuvuka kati ya kuuliza na kujibiwa. Kwa saa 220 za upimaji walipata michezo 245 tu, kwa sababu kufungamanisha elektroni za mbali ni kazi ya subira, na ushindi ulikuwa takribani 80 katika 100. Majaribio ya fotoni, yaani chembe za mwanga, mwaka huohuo, huko Vienna na Boulder, yaliivuka nayo mipaka ya mapacha, kwa takwimu nzito zaidi.

Unaona basi ni nini kilichokufa. Kilichokufa ni wazo kwamba kila chembe hubeba kilicho chake tu na kujibu bila kuguswa na kinachofanyika mbali, tuliite sharti la ujirani. Mipango iliyoamuliwa mapema yenye kutii ujirani imekufa, na bahati nasibu inayotii ujirani imekufa pamoja nayo siku hiyohiyo. Anayesema kwamba Bell alitulazimisha kuchagua kati ya kuamuliwa na ujirani, na kwamba tukikubali bahati nasibu basi ujirani unasalimika, hajaitazama ile shilingi ya Kulwa na Doto. Nadharia ya Bohm yenyewe inavunja ujirani waziwazi, chembe ya Mtwara ikielekezwa papo hapo na kinachofanywa Mwanza, ingawa hakuna ujumbe unaoweza kutumwa kwa njia hiyo. Ndiyo maana majaribio haya hayaigusi. Bell aliistahi sana, na aliandika kwamba mwaka 1952 aliona lisilowezekana likifanyika.

Kuhusu Einstein, yale maneno ya Mungu kutocheza kamari yanatokana na barua aliyomwandikia Born Desemba 1926, na yamemharibia sifa kuliko yalivyomsaidia. Katika makala ya mwaka 1935 aliyoandika pamoja na Podolsky na Rosen, msingi wa hoja ni ule ujirani: chembe mbili za mbali zikipimwa kwa namna moja na majibu yakalingana kila mara, na kama moja haimgusi mwenzake, basi lazima majibu yalikuwepo mapema. Kuamuliwa kulikuja kama matokeo ya hoja, hakukuwa chanzo chake. Wolfgang Pauli alilazimika kumweleza Born mwaka 1954, baada ya kuzungumza na Einstein, kwamba tatizo la mzee halikuwa bahati nasibu bali hali halisi ya vitu kabla ya kupimwa. Na nadharia ya Bohm ilipotoka, nadharia ambayo hakuna anayecheza kamari ndani yake, Einstein hakuifurahia. Alimwandikia Born kwamba ilimwonekea ya rahisi mno. Kwa hiyo alishindwa, ndiyo, lakini alishindwa katika suala la ujirani. Katika suala la kamari hakuna aliyetoa hukumu bado.

Nilisema kuna jambo la pili, kutobainika, na hapa nadharia ina nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mkondo wa atomu za fedha katikati ya sumaku isiyo na nguvu sawa juu na chini. Mkondo ukagawanyika mara mbili. (Stern alisimulia baadaye kwamba alama ya fedha kwenye kioo ilikuwa hafifu kiasi cha kutoonekana, mpaka moshi wa sigara zake za bei ya chini, zenye salfa, ulipoigeuza nyeusi.) Leo tunasema kila atomu ina spini, sifa inayoifanya iwe kama sumaku ndogo, inayojibu juu au chini. Swali ni kama jibu hilo lilikuwa ndani ya atomu kabla ya sumaku.

Watu hudhani kwamba Bohm, kwa kuwa anaamua kila kitu, atajibu kwamba lilikuwepo. Hajibu hivyo. Katika nadharia yake atomu iliyoanzia sehemu ya juu ya mkondo inaelekea juu. Badilisha ncha za sumaku, ya kaskazini iwe ya kusini, uirudishe atomu ileile mahali palepale, na bado itaelekea juu. Ila sasa, kwa kuwa ncha za sumaku zimebadilishwa, jibu hilo linasomwa kama spini ya chini. Atomu moja, mwanzo mmoja, majibu mawili kulingana na namna ulivyokiweka kifaa. Spini haikuwa imelala ndani ikisubiri kufunuliwa kama shilingi chini ya kikombe. Inatokea katika mkutano wa atomu na sumaku. Mwaka 1967 Simon Kochen na Ernst Specker walionyesha kwa hesabu kwamba hili si chaguo la Bohm pekee: huwezi kuzipa sifa zote za kwanta majibu ya mapema yasiyotegemea ni nini kingine kinachopimwa pamoja nazo bila kujipinga. Kwa hiyo mwanafunzi akikuuliza kama sifa zote ambazo tunazipima zilikuwepo tayari, unaweza kumjibu hapana kwa ujasiri mwingi. Hicho ndicho chembe cha kweli kilichomo ndani ya jibu lako la awali.

Kuhusu kutoamuliwa, hali ya leo ni kwamba wenye kazi hiyo wamegawanyika, na mgawanyiko hautokani na uvivu. Wafuasi wa Hugh Everett, aliyetoa wazo lake mwaka 1957, wanaushika mlinganyo wa Schrödinger peke yake na kukataa kwamba wimbi hunywea. Kwao majibu yote hutokea, kila moja katika tawi lake la dunia, na jumla yake imeamuliwa kikamilifu. Kazi yao ngumu ni kueleza neno uwezekano lina maana gani pale ambapo kila kitu kinatokea, na binafsi sijaridhika na maelezo niliyoyasoma. Wapo wanaosema kwamba hata uchaguzi wa kadi za Kulwa na Doto uliamuliwa mapema kwa kulingana na majibu yao. Mwaka 2018 watafiti walichagua vipimo vyao kwa kutumia mwanga wa kwasa mbili, yaani viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa mno, mmoja uliotoka miaka bilioni 7.8 iliyopita na mwingine miaka bilioni 12.2, na chembe zikashinda vilevile. Hilo halilikanushi wazo lao, ila linaisogeza njama yao nyuma hadi karibu na mwanzo wa ulimwengu, na mimi sioni faida ya kuwafuata huko.

Kundi ninalolitazama kwa matumaini zaidi ni lile lililoanzishwa na Ghirardi, Rimini na Weber mwaka 1986. Hao wanaandika kunywea kwa wimbi ndani ya mlinganyo wenyewe: kila chembe, bila kusukumwa na chochote, wimbi lake hunywea kwa bahati nasibu halisi, mara chache mno, wastani wa mara moja katika miaka milioni mia kadhaa. Chembe moja haitakuonyesha lolote. Lakini kitu kama sindano ya kifaa kina chembe nyingi kiasi kwamba kunywea kunatokea ndani yake kila sehemu ndogo ya sekunde, na ndiyo sababu sindano haionekani kamwe ikiwa mahali pawili. Katika nadharia hii dunia yenyewe haijaamuliwa, kwa maana kamili ya neno. Na tofauti na wengine, utabiri wake unaachana kidogo na wa kwanta ya vitabuni: wimbi linaponywea lazima liache joto au mnururisho hafifu. Chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, ambako mwamba unazuia sehemu kubwa ya miale ya angani, watafiti wameutafuta mnururisho wa aina hiyo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yaliondoa sura sahili kabisa ya nadharia jirani, inayohusisha kunywea na mvutano. Hapo walau kuna kitu cha kupima.

Ukiniuliza ninaegemea wapi, ninaegemea upande wa bahati nasibu halisi. Sababu yangu ni kwamba taarifa zilizofichika za Bohm zinafanya kazi kwa sharti la kutojulikana milele, na mimi hupata shida kulipa gharama hiyo kwa kuamuliwa ambako hakuna atakayekutumia kamwe. Lakini kuegemea huko ni kwangu, na mwenzangu wa ofisi ya pili, anayejua hesabu hizi kunizidi, anaegemea kinyume. Tunachokubaliana sote ni kutotabirika. Mwaka 2010 watafiti walitumia mchezo wa aina ya Kulwa na Doto kati ya ioni mbili (atomu zenye chaji ya umeme) zilizotengana mita moja hivi kutengeneza tarakimu 42 za sifuri au moja ambazo, maadamu ishara hazivuki kati ya ioni hizo na maadamu maswali yamechaguliwa kwa uhuru, hata aliyeunda mtambo hangeweza kuzitabiri zote mapema. Tarakimu hizo ni chache, na bado mfuasi wa Bohm na mfuasi wa Ghirardi huzikubali bila ugomvi.

Kwa hiyo rudi kwa mwanafunzi wako na umwambie hivi: hakuna ajuaye, na si kwa uzembe, sifa nyingi za atomu hazikuwa na jibu kabla ya kuulizwa, na kama siku ya kumeguka kwake ilikuwa imeamuliwa au la, nadharia moja ya hesabu inaruhusu majibu yote mawili, na jaribio la kuyatenganisha bado linafanywa. Ukitaka kumpa kazi, gawa darasa mapacha wawili wawili, uwape kadi, na mwahidi soda yule atakayepata mpango wa kushinda hali zote nne. Soda yako iko salama.

Kuhusu karabai, vitambaa vinavyouzwa siku hizi vingi havina thoriamu, hivyo utalazimika kutafuta cha zamani. Kiache ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kihesabio kitalia hata kwa nje ya mfuko. Usikiwashe darasani wala kukipekecha mkononi, kwa sababu cha kuogopwa ni vumbi lake.